Gari Lisife, Dada Asijue

Jumatatu, 3 Juni

Leo nimepata ajali. Nimeiandika sentensi hiyo haraka, kama mtu anayemeza dawa chungu, na sasa imeshapita.

Mimi mzima. Hata mchubuko wa kumwonyesha mtu sina, na hilo nalo linaniuma, maana mwenye bandeji huonewa huruma. Gari ndilo lililoumia. Pua imerudi ndani hadi karibu na magoti yangu, boneti limesimama wima, taa moja inaning'inia kwa waya.

Ilivyokuwa: asubuhi nilikuwa napita mbele ya shule ya udereva ya shemeji, mume wa dada yangu. Yeye ndiye aliyenifundisha kuendesha, na hajaacha kuwaambia watu kwamba mtihani niliurudia. Alikuwa amesimama nje na wanafunzi wake. Nikaona nafasi ndiyo hii. Nikashusha kioo, nikatoa kiwiko nje, nikavua miwani. Miwani yangu ni minene, shemeji huiita vitako vya glasi. Na mimi kazi yangu ni kuuza miwani! Nashinda dukani nikiwaambia watu kwamba miwani inampa mtu heshima, halafu mwenyewe nikiona watu naivua.

Bila miwani naona rangi, vitu sivioni. Baada ya kona nikaona mtu wa nyekundu na nyeupe kasimama kati ya barabara. Nikadhani askari. Nikampungia mkono kwa adabu. Hakuitikia. Nikapita upande niliodhani ananionyesha, kumbe ni pipa, nikalikwaruza, na nyuma yake pana mtaro uliochimbwa kwa ajili ya bomba la maji. Nikaingia pua kwanza.

Bahati moja tu: shemeji hakuona, kona ilinificha. Wachimba mtaro waliona wote. Mmoja aliniuliza ile salamu ilikuwa ya nani.

Gereji, fundi wangu alilizunguka gari mikono kiunoni. Akasema kwa maoni yake watu wa bima watalifuta. Nikauliza kulifuta ndiyo nini. Akasema watahesabu kwamba limekufa, kulitengeneza hakuna faida, basi watalipa thamani yake ya leo na kulichukua. Nikasema vizuri, yameisha. Akaniuliza gari ni langu au la mkopo. Hapo nikakaa juu ya tairi.

Maana gari la mkopo likifutwa, bima inawalipa waliokukopesha. Na thamani ya leo haifiki deni, kwa sababu mimi nilitaka viti vya ngozi na redio kubwa. Kinachobaki nalipa mimi. Mimi sina. Nisipolipa wanamfuata mdhamini, na mdhamini ni dada. Dada ni dobi, anafua mashuka ya gesti. Aliweka rehani mashine zake mbili za kufulia, ndizo kazi yake, ndizo mkono wake wa kulia. Aliziweka kwa sababu nilimwambia nimeshakuwa mtu mzima.

Uamuzi: gari lisife. Dada asijue.

Jumanne, 4 Juni

Nimepiga simu bima. Binti mwenye sauti ya upole akaniuliza kama nilikuwa nimevaa miwani. Kwetu aliyevaa miwani ni aliyelewa, kwa hiyo nikamjibu kwa ukali kwamba mimi situmii kilevi. Akasema anauliza miwani ya macho, leseni yangu imeandikwa kwamba lazima niivae.

Nikasema ndiyo, niliivaa, ikavunjika kwenye ajali. Maneno yalitoka yenyewe, hata sikuyatuma. Akayaandika.

Ukweli ni kwamba sijui miwani yangu iko wapi. Nimepekua chumba kizima hadi ndani ya viatu. Nadhani imebaki mtaroni, chini ya udongo. Kwa hiyo leo nimekwenda kazini na fremu ya maonyesho kutoka kabatini, yenye vioo vitupu. Naonekana naona. Asubuhi nilimvalisha mteja miwani mpya, nikasimama namsifu: imekukaa, inakupa sura ya msomi, hata pua imependeza. Mwenye duka akaja akaniambia mteja ameshatoka zamani, ninayemsifu ni mimi mwenyewe kwenye kioo.

Mchana dada kapiga. Amepata kazi ya gesti mpya, kubwa, kuliko zote alizowahi kupata. Mashuka yanatakiwa Jumamosi na mtu wake wa kupeleka mizigo amesafiri. Akauliza kama naweza kumpelekea kwa gari langu. Dada haniombi kitu. Toka tukiwa wadogo yeye hutoa, mimi hupokea. Ningeweza kumwambia pale pale. Mdomo nilikuwa nao, simu nilikuwa nayo.

Nikasema hakuna shida kabisa, dada yangu, hilo ni dogo.

Jumatano, 5 Juni

Kutembea kwa miguu kunaumbua. Shemeji kanikuta kona ya kwanza, akauliza gari liko wapi. Nikasema daktari kaniambia nitembee kwa ajili ya moyo. Nilitegemea anicheke. Akashika tumbo lake, akasema hata yeye aliambiwa hivyo hivyo, alikosa tu mwenzake wa kutembea naye. Kuanzia kesho atanipitia alfajiri, kila siku. Anasema tutaanza na kile kilima cha tangi la maji.

Tukapita mtaroni. Shemeji akasimama. Akaniambia kuna mjinga aliingia humu Jumatatu, na yeye sasa huwaleta wanafunzi wake hapa kila siku kuwafundisha. Hakuna alama ya breki, anasema. Hata kidogo. Mtu wa hivyo ama alikuwa amelala, ama alikuwa anajiangalia. Nilicheka sana. Nilicheka kuliko alivyotarajia, akanitazama.

Jioni gereji. Nikamweleza fundi mpango: kesho mkadiriaji wa bima anakuja kupima hasara, kwa hiyo leo gari lipendeze. Akasema yeye ni fundi, si mpambaji wa maharusi. Akakubali kuliosha tu. Mengine nimefanya mwenyewe. Boneti nimelifunga kwa kamba ya kiatu, nyeusi, haionekani. Taa nimeibandika kwa gundi ya fremu za miwani, gundi nzuri sana hiyo. Ndani nimepuliza manukato yangu. Tukalisukuma hadi pua ikagusa ukuta, ili anayekuja aone nyuma, maana nyuma ni zima kabisa.

Likabaki suala la makisio. Fundi alikuwa ameshaandika gharama ya kweli, na kwa gharama ile gari ni maiti. Nikamwomba ashushe. Vyuma vya mitumba, kazi yake aihesabu kama hisani. Akakataa. Nikamweleza habari za mashine za dada. Akasema mapazia ya kwake yanafuliwa kwa dada, akachukua kalamu. Aliandika bila kunitazama usoni. Nilijisikia vibaya hadi nje ya geti, kisha nikajisikia mjanja.

Alhamisi, 6 Juni

Alfajiri kilimani na shemeji. Magoti yangu hayanitaki tena. Yeye anapumua vizuri na anasimulia njia nzima.

Mkadiriaji ni mama wa makamo, viatu vya raba, tochi mkononi, si mtu wa maneno. Mimi nikasema kwa niaba yetu sote. Nikamwonyesha nyuma. Akaitazama nyuma. Akaomba gari litolewe ukutani. Tukalisukuma, likaenda upande upande kama kaa. Nikasema ni sakafu, haiko sawa.

Akaomba niwashe injini. Injini haiwaki, lakini betri nzima, na hapo ndipo wazo likanijia. Nikazungusha ufunguo na redio pamoja, sauti ya juu kabisa, nikawa natikisa kichwa kama mtu anayesikia injini safi. Yule mama akasubiri. Wimbo ukaisha. Akaniomba nizime redio. Katika ukimya ule taa ikaanguka.

Akaiokota, akainusa, akaniuliza kama hii ni gundi ya miwani. Nikasema mambo ya gundi siyajui. Nilikuwa nimevaa shati la kazini, limeandikwa neno MIWANI kifuani.

Kisha akavaa miwani yake asome makisio, nikasogea, nikaona imepinda, sikio moja juu, moja chini. Hilo siwezi kulivumilia. Nikaiomba, nikainyoosha kwa vidole, nikaibana kidogo puani, nikamrudishia. Akapepesa macho, akasema ahsante, ina mwaka inamsumbua. Ni jambo moja tu nililofanya vizuri wiki hii na halikuwa kwenye mpango.

Akalala juu ya boksi, akaingia chini ya gari na tochi, akakaa humo kitambo. Akatoka. Akafungua milango, akafungua kijisanduku cha dashibodi, akapiga picha kila mahali. Akasema jibu litakuja. Roho yangu juu juu.

Ijumaa, 7 Juni

Ujumbe kutoka bima: makisio yamepokelewa, uamuzi utatolewa Jumatatu. Yamepokelewa! Wangekuwa hawajayapenda wangeyarudisha. Gari litaishi. Leo nimekula kwa raha kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu, na nimemwambia mwenye duka anifikirie mshahara.

Limebaki la kesho. Mashuka ya dada na gari sina. Nimepima kila njia. Kukodi gari: mfuko hauruhusu. Kusema naumwa: shemeji ataniona, tunakutana kilimani alfajiri. Kusema ukweli: hilo limechelewa, lingekuwa Jumanne. Nitaazima mkokoteni kwa wachimba mtaro, watu wenyewe tunajuana sasa. Nitauficha nyuma ya duka la dada. Yeye atakuwa ndani na mashine, kelele tupu, hatasikia kitu. Nitabeba mafurushi nje, nitasema gari liko kona, nitasukuma. Gesti yenyewe iko mbali, lakini miguu yangu imeshazoea kilima. Kumbe shemeji ananisaidia na mwenyewe hajui.

Jumamosi, 8 Juni

Sijui nianzie wapi.

Mwanzo ulikwenda vizuri. Dada kaniwekea mafurushi mlangoni, mashuka meupe, yamepigwa pasi, yamefungwa kwa utepe. Mwenyewe alikuwa amesuka nywele upya kwa ajili ya kazi hii. Akaniambia niendeshe polepole. Nikasema sana, dada.

Mkokoteni una gurudumu moja bovu, unavutia kushoto. Na mimi na vile vioo vitupu. Nikafika kona. Shemeji alikuwa mtaroni na wanafunzi wake, anafundisha. Alikuwa amefika pale anaposema mjinga yule alitokea upande huu. Nikatokea upande huu.

Nilitaka kujificha nyuma ya pipa. Mkokoteni ukavuta kushoto. Tukaingia wote, mimi, mkokoteni na mashuka ya gesti, na mvua ya jana ilikuwa imeacha tope zuri. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze, lakini tayari nilikuwa ndani yake.

Wanafunzi hawakucheka. Walikuwa wameduwaa. Shemeji akatazama pipa, akapitisha kidole kwenye rangi iliyobaki juu yake, rangi ya gari langu. Akanitazama mimi. Akatoa simu.

Dada kaja na aproni, mikono ina povu bado. Akasimama ukingoni. Swali lake la kwanza lilikuwa kama Jumatatu niliumia. Nikasema sikuumia. Akashusha pumzi. Kisha akaingia mtaroni, akaanza kuokota mashuka moja moja, akiyakunja na tope lake.

Nikamweleza nikiwa nimekaa kwenye tope. Gari litafutwa, deni litabaki, mashine zitachukuliwa, ndiyo maana nikanyamaza, ndiyo maana nikamshawishi fundi, yote kwa ajili yake. Akanisikiliza hadi mwisho. Akasema siku ile anaweka sahihi ya udhamini aliwauliza wale wakopeshaji: huyu mdogo wangu akilivunja gari, itakuwaje? Wakamwambia ipo bima ndogo ya pembeni. Gari likifutwa na malipo yasifike kwenye deni, bima ile inaziba pengo lote. Akailipia kutoka mfukoni mwake. Hakuniambia kwa sababu hakutaka nione kwamba haniamini.

Gari lingekufa, deni lingekufa nalo. Mashine zisingeguswa. Ila bima ile haizibi chochote kama gari linatengenezwa. Litarudi kwangu linatembea upande upande na nitalilipia hadi mvi.

Akaniuliza kwa nini sikumwambia. Swali hilo moja tu. Nilikuwa na majibu mengi njiani, yote yalikuwa yamelowa. Nikasema niliona aibu. Akasema angalau hilo ni kweli, akanipa ncha mbili za shuka nimsaidie kukamua.

Jumapili, 9 Juni

Dada na shemeji wamefua upya mashuka yote. Mwenye gesti kawapa hadi leo jioni, kwa kuwabembeleza. Dada mwenyewe ndiye aliyebembeleza, kwenye simu, mbele yangu, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake. Mimi nilishika vibanio vya nguo. Kila nilipoomba kazi nyingine waliniambia nishike vibanio.

Shemeji hajanitania hata mara moja. Kaniletea chai, kaniwekea sukari mwenyewe. Afadhali angenitania.

Sijawahi kujiona mdogo hivi. Nimekaa leo nikihesabu watu niliowadanganya, na wale ambao sikuwadanganya ni wale tu ambao sikuonana nao.

Lakini uamuzi wa bima ni kesho. Gari halijapona rasmi. Kitu ambacho hakijapona rasmi kinaweza kuzidiwa. Nyundo ninayo.

Jumatatu, 10 Juni

Nimefika gereji mapema, fundi alikuwa hajafungua ofisi. Nikaanza na mlango wa kushoto. Kisha mgongo wa gari, ule ule niliousifia Alhamisi. Vioo vya pembeni. Sikujua kubomoa kunachosha hivi. Nilipiga kwa bidii na kwa majonzi, nikiliomba gari msamaha kila pigo, nikasema kwa sauti kwamba hatuna jinsi, lazima ufe.

Nikageuka kufuta jasho. Yule mama mkadiriaji alikuwa amekaa kwenye benchi la fundi, tochi mapajani, na fundi kando yake ameshika kikombe. Sijui walikuwa wamekaa tangu lini. Nikaweka nyundo chini polepole, kama vile ilikuwa ya mtu mwingine.

Akasema amekuja kunieleza uamuzi ana kwa ana kwa sababu kwenye simu ungekuwa mrefu. Gari limefutwa. Lilifutwa tangu Alhamisi, alipolala chini yake, maana chasisi imepinda na hakuna fundi duniani wa kuinyoosha. Makisio hakuyaamini. Tena fundi mwenyewe alimpigia jioni ile ile, akayakana. Fundi akatazama kikombe.

Nikaanza kumshukuru. Akanyoosha mkono nisiendelee. Akatoa kitu mfukoni, akakiweka kwenye benchi. Mfuko wangu wa miwani. Akaufungua. Miwani yangu, mizima, vioo vinang'aa, haina hata mkwaruzo. Aliikuta Alhamisi kwenye kijisanduku cha dashibodi, aliipiga picha. Nilikuwa nimeiweka humo kwa uangalifu ili isikwaruzwe, nikasahau.

Akasema maelezo yangu yanasema niliivaa na ikavunjika. Akasema maelezo ya uongo yanatosha bima kutolipa kitu. Isipolipa bima kubwa, na ile ndogo hailipi. Alisema taratibu, bila hasira. Miwani yake mwenyewe ilikuwa imemkaa sawasawa.

Mashine za dada. Niliziona zinatoka mlangoni zimebebwa na watu. Fundi akampigia dada, akaja, na huyo mama akamwachia nafasi kwenye benchi. Dada hakuniombea. Alisema tu: eleza, na usianze na gari, anza na miwani.

Nikaeleza. Kwamba niliivua ili shemeji asione. Kwamba nilipungia pipa mkono. Fundi alikohoa kwenye kikombe. Huyo mama aliandika yote, akanipa niweke sahihi, na ili niweke sahihi ilibidi nivae vile vitako vya glasi mbele ya watu watatu. Akasema atayapeleka kama marekebisho ya mteja mwenyewe, lakini hawezi kuahidi. Akanitazama juu ya miwani yake, akasema na nyundo pia itabidi aiandike.

Ijumaa, 14 Juni

Bado kimya. Leo mtu wa wakopeshaji kaja dukani kwa dada kuzitazama mashine, eti kwa tahadhari tu, kama bima isipolipa. Nilikuwepo. Alizifungua, akazigonga ubavuni, akauliza zina umri gani. Dada akamjibu vizuri, akampa kiti, akaendelea kutoa mashuka yaliyolowa. Mashine moja ilikuwa inazunguka bado na yule bwana aliinamia kuisikiliza.

Nilisimama kona na miwani yangu usoni, naona kila kitu. Niliona mkono wa dada unakosa kitasa mara mbili alipofunga mlango wa mashine. Bila miwani nisingeuona. Nimeapa mbele ya kapu la nguo chafu: sivui tena miwani, simfichi tena dada jambo, hata liwe dogo kama sindano.

Alhamisi, 20 Juni

Imelipwa! Bima kubwa imelipa, ndogo imeziba pengo. Mashine hazitoki. Wamekata sehemu kwa sababu ya kuendesha bila miwani na nyingine kwa ajili ya nyundo, na hiyo hakuna bima inayoigusa. Dada kailipa yeye, ili watu wale wasirudi tena kuzigonga mashine zake. Mimi nitamlipa kwa kazi: kila jioni nikitoka dukani nampigia pasi mashuka. Nilimshika mkono nikaanza kulia. Akasema nisilie juu ya mashuka safi.

Shemeji ameanza tena kunitania. Anauliza akimwona pipa amsalimie kwa niaba yangu. Nimefurahi sana, sijui kwa nini.

Alhamisi, 27 Juni

Wiki moja ya pasi. Nimekuwa mtaalamu, pembe kwa pembe. Mwenye ile gesti mpya kaja jioni hii mwenyewe kuchukua hesabu ya kesho. Kumbe ni mwanamke mmoja mzuri sana, sauti ya taratibu, viatu virefu. Sisi wawili tu, dada yangu alikuwa nyuma anaanika.

Mvuke wa pasi unatia ukungu kwenye miwani, hilo kila muuza miwani analijua, ni sayansi. Kwa hiyo niliivua. Nikaegemea meza, nikazungumza naye kidogo habari za biashara, nikamwambia wakati fulani nilikuwa na gari lenye viti vya ngozi. Harufu niliisikia, nikadhani ni manukato yake.

Alama ya pasi iko katikati kabisa ya shuka, kahawia, umbo limekamilika hadi ncha. Nimelikunja vizuri sana, alama kwa ndani, nikaliweka chini ya mengine yote. Tatizo ni kwamba dada hukunjua kila shuka kabla halijatoka. Lakini nimeshapata njia. Asubuhi nitakuja mapema kabla yake, nitalitoa, nitanunua jingine linalofanana kule sokoni, nitalirudisha mahali pake.

Safari hii hata mkokoteni wa wachimba mtaro sihitaji, shuka moja linabebeka kwapani. Dada hana haja ya kujua.